Kompyuta Inapofanya Mambo Yasiyoeleweka kwa Sababu ya Mipangilio ya Ufikivu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mipangilio ya ufikivu ni nini, na kwa nini inaweza kuifanya kompyuta nzima ionekane mbovu?

Ni mipangilio iliyowekwa ili mtu asiyeona vizuri, asiyesikia, au ambaye mikono yake haimtii, aweze kutumia kompyuta ileile inayotumiwa na watu wengine wote. Mtu anayeandika kwa kidole kimoja hawezi kubonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja, kwa hiyo kompyuta humruhusu abonyeze kimoja baada ya kingine. Mtu ambaye mikono yake inatetemeka hugusa vitufe asivyovikusudia, kwa hiyo kompyuta hupuuza miguso mifupi na kupokea ile iliyokaa kidogo. Kwa anayehitaji, huo ni msaada mkubwa. Kwa aliyewasha bila kujua, ni kibodi iliyochanganyikiwa.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mipangilio hii huwashwa kwa urahisi sana, wakati mwingine kwa kitufe kimoja tu. Hilo halikutokea kwa uzembe. Mtu ambaye hawezi kutumia kibodi mpaka msaada uwashwe hawezi kutarajiwa kupita menyu nne ili auwashe, kwa hiyo ilibidi ipatikane njia ambayo hata yeye anaiweza: kubonyeza Shift mara tano, au kuishikilia kwa sekunde kadhaa. Wazo hili ni la zamani. Watafiti wa Trace Center katika Chuo Kikuu cha Wisconsin walikuwa wameshatengeneza vipengele vya namna hii tangu enzi za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, na Windows 95 ilipotoka mwaka 1995 vilikuwa vimejengwa ndani yake. Majina ya wakati ule, yaani Sticky Keys, Filter Keys, Toggle Keys na Mouse Keys, ndiyo yaleyale utakayoyaona leo katika Windows 11, na ndiyo tutakayoyatumia hapa ili uyatambue unapoyakuta kwenye skrini.

Nitajuaje kwamba tatizo ni mipangilio, wala si kibodi mbovu au virusi?

Angalia kwanza sura ya tatizo. Kibodi iliyoharibika huharibika kwa upendeleo: herufi moja haitoki, au safu moja imekufa, au kitufe kilichomwagiwa chai kinajirudia chenyewe. Mipangilio ya ufikivu haina upendeleo. Inaathiri vitufe vyote kwa kanuni moja, na huanza ghafla, katikati ya kazi, mara nyingi baada ya mlio mfupi au kidirisha kilichofungwa bila kusomwa.

Jaribio la pili ni kuchomeka kibodi nyingine. Ikiwa nayo inafanya vituko vilevile, kibodi ya kwanza haina kosa. Jaribio la tatu, ambalo ndilo linalotoa jibu lililo wazi zaidi, ni kuingia kwenye kompyuta hiyohiyo kwa akaunti ya mtumiaji mwingine. Mipangilio hii huhifadhiwa ndani ya akaunti ya kila mtumiaji, kwa hiyo tatizo likitoweka katika akaunti ya pili, umeshajua mahali pa kutafuta.

Upo pia msaada ambao watu wengi hawaufikirii: kibodi ya kwenye skrini. Katika Windows, bonyeza kitufe cha Windows, Ctrl na O kwa pamoja, nayo itatokea. Usiguse chochote, itazame tu. Ikiwa Ctrl au Shift inaonekana imewaka ilhali mikono yako iko mapajani, basi ama kitufe hicho kimekwama kweli kwa sababu ya vumbi, ama kompyuta inaamini kwamba bado kimebonyezwa.

Mwandishi wa ukurasa huu aliwahi kufungua kibodi nzima, akasafisha kila kitufe kwa brashi, akairudisha, na kukuta tatizo liko palepale. Alichohitaji kilikuwa kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8.

Nikiandika herufi, badala ya kutokea herufi, madirisha yanafunguka na kufungika. Kuna nini?

Karibu kila mara hii ni Sticky Keys. Inapokuwa imewashwa, vitufe vya Shift, Ctrl, Alt na Windows havihitaji kushikiliwa: ukikigusa kimoja na kukiachia, kompyuta hukikumbuka mpaka utakapobonyeza kitufe kinachofuata. Ukikigusa mara mbili mfululizo, hufungwa kabisa na kubaki kana kwamba umekishikilia, mpaka ukiguse kwa mara ya tatu.

Chukua mfano wa mtu aliye kwenye kivinjari ambaye Ctrl yake imefungwa kwa namna hiyo bila yeye kujua. Anataka kuandika neno «wapo». Herufi ya w inafunga kichupo alichokuwa akikisoma. Herufi ya a inachagua kila kilichomo katika ukurasa uliobaki. Herufi ya p inafungua dirisha la kuchapisha, na o, ikiwa itafika, inamtaka achague faili la kufungua. Mtu huyu hajaandika hata herufi moja, na ameshaamini kwamba kuna mtu anaiendesha kompyuta yake kutoka mbali.

Dalili nyingine ni za kimyakimya zaidi. Gurudumu la kipanya, badala ya kusogeza ukurasa, linakuza na kupunguza maandishi, kwa sababu kompyuta inadhani umeshika Ctrl. Au unabofya katikati ya aya, na maandishi yote kuanzia mahali kilipokuwa kishale hadi hapo ulipobofya yanachaguliwa, kwa sababu inadhani umeshika Shift. Ukigusa herufi yoyote baada ya hapo, maandishi hayo yote yanafutika. Hili la mwisho ndilo lenye hasara, kwa hiyo likitokea acha kila kitu na utumie kipanya kuchagua amri ya kutendua kabla ya kuendelea.

Ili kuizima, bonyeza Shift mara tano tena bila kugusa kitufe kingine. Njia nyingine ni kubonyeza vitufe viwili kwa wakati mmoja, kwa mfano Ctrl na herufi yoyote isiyo na madhara, kwa sababu upo mpangilio unaoiamuru Sticky Keys ijizime ikiona jambo hilo. Njia ya uhakika zaidi ni kubonyeza Windows na U, ambayo hufungua moja kwa moja sehemu ya ufikivu (katika Windows 10 iliitwa Ease of Access), kisha kuingia kwenye kibodi na kuzima swichi yake. Ikiwa vitufe vimevurugika kiasi kwamba hata njia hiyo haifanyi kazi, fika hapo kwa kipanya kupitia menyu ya mwanzo.

Herufi hazitokei mpaka nishikilie kitufe kwa muda. Wakati mwingine herufi zinazojirudia hupotea. Je, kibodi imechoka?

Hapana, hii ni Filter Keys, na ndiyo inayowapeleka watu wengi zaidi kununua kibodi mpya pasipo sababu. Huwashwa kwa kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, jambo ambalo mtu hulifanya kwa urahisi anapowaza sentensi inayofuata huku kidole chake cha mwisho kimepumzika mahali pabaya.

Ndani yake mna tabia tatu tofauti, na kuzitenganisha kunasaidia kutambua ni ipi iliyokupata. Ya kwanza huitaka kompyuta ipuuze mguso wowote mfupi. Hapo ndipo mtu anayeandika kwa kasi anapoona ukurasa mtupu, na anayeshikilia kila kitufe kwa kiasi cha sekunde 1 anaona herufi zikija moja moja. Ya pili hupuuza kitufe kilekile kikibonyezwa mara mbili kwa haraka. Kwa anayeandika Kiswahili tabia hii hujionyesha upesi sana, kwa kuwa lugha yetu imejaa irabu mbili zinazofuatana: unaandika «maana» inatoka «mana», unaandika «saa» inatoka «sa», huku maneno kama «kitabu» na «meza» yakitoka salama. Ukiona makosa yako yote yako kwenye irabu pacha, usihangaike na jambo jingine. Ya tatu huzuia au huchelewesha kitufe kujirudia kinaposhikiliwa, kwa hiyo unashikilia kitufe cha kufuta ukitarajia mstari mzima uondoke, na herufi moja tu ndiyo inayofutika.

Kuizima ni kama kuiwasha: shikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, subiri mlio, kisha jaribu kuandika. Ikikataa, tumia Windows na U kama ilivyoelezwa hapo juu, ila kumbuka kwamba kila kitufe, pamoja na hivyo viwili, kinaweza kuhitaji kushikiliwa kwa muda kabla hakijapokelewa.

Siwezi hata kuandika nenosiri ili niingie. Nifanyeje?

Skrini ya kuingilia ya Windows ina alama ya ufikivu katika kona ya chini upande wa kulia. Ibofye kwa kipanya, utaona orodha yenye swichi za Sticky Keys, Filter Keys, Narrator (kisoma skrini) na nyinginezo, zima iliyowaka. Kama hakuna kipanya, bonyeza kila herufi ya nenosiri polepole huku ukiishikilia kwa sekunde moja au mbili, na tazama nukta zinavyoongezeka. Bofya pia alama ya jicho iliyo pembeni ya kisanduku, ikiwapo, ili uone kilichoandikwa hasa, maana nenosiri lenye herufi pacha linaweza kuwa linapoteza moja. Usiendelee kujaribu kwa hasira: akaunti nyingi hufungwa kwa muda baada ya majaribio kadhaa yaliyokosewa, na hapo utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Nikibonyeza tarakimu za upande wa kulia wa kibodi, hazitokei, na kishale cha kipanya kinatembea chenyewe.

Hakitembei chenyewe, unakiendesha wewe. Mouse Keys imewashwa, na hizo tarakimu zimegeuka kuwa kipanya: 8 inapandisha, 2 inashusha, 4 na 6 zinapeleka kushoto na kulia, na 5 inabofya. Alama ya kutoa huifanya 5 iwe kitufe cha kulia cha kipanya, na alama ya kugawanya huirudisha kuwa cha kushoto. Sifuri hushika kitu ili kiburutwe, na nukta hukiachia. Ni rahisi kufikiria kinachompata mtu anayeingiza hesabu ndefu kwenye jedwali bila kutazama skrini: akifika mwisho, nusu ya tarakimu hazimo na baadhi ya mafaili yamehama.

Bonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja ili kuizima. Jaribu pia kubonyeza Num Lock peke yake, kwa kuwa upo mpangilio unaoifanya Mouse Keys ifuate hali ya kitufe hicho.

Kwa nini kompyuta inatoa mlio kila nikibonyeza Caps Lock?

Ni Toggle Keys. Huwashwa kwa kushikilia Num Lock kwa sekunde 5, na huzimwa vivyo hivyo. Haina madhara yoyote, na watu wengine, baada ya kujua ni nini, huamua kuiacha.

Kompyuta imeanza kuongea na kusoma kila ninachogusa. Naizimaje?

Hicho ni kisoma skrini cha Windows, yaani Narrator. Bonyeza Windows, Ctrl na Enter kwa pamoja, nacho kitanyamaza. Katika matoleo ya Windows yaliyotangulia yale ya mwaka 2017, ilitosha kubonyeza Windows na Enter.

Sauti si dalili pekee, na hapa ndipo watu wanapopotea, hasa ikiwa spika zimezimwa. Narrator huchukua Caps Lock na kuifanya kitufe chake cha amri, kwa hiyo ukiibonyeza mara moja herufi kubwa hazitokei. Inabidi uibonyeze mara mbili kwa haraka. Kina pia hali ya kupitia ukurasa ambamo herufi huwa amri, kwa mfano h hukupeleka kwenye kichwa cha habari kinachofuata badala ya kuandikwa. Na kwenye skrini ya mguso, kugusa mara moja husoma tu, mpaka uguse mara mbili ndipo kitu kifunguke. Mtu aliyezima sauti huona kitu kimoja tu: fremu ya rangi inayozunguka vitu kwenye skrini. Ukiiona fremu hiyo, jibu lako ni Narrator.

Rangi zimebadilika ghafla. Skrini imekuwa nyeusi, au imepoteza rangi kabisa.

Hali hizi mbili hudhaniwa kuwa moja lakini asili yake ni tofauti. Ikiwa kila kitu bado kina rangi chache kali, mandhari ni meusi, na maandishi ni meupe, ya manjano au ya kijani, umewasha hali ya utofautishaji mkubwa. Bonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen ili irudi. Ikiwa skrini nzima, pamoja na picha na video, imekuwa ya kijivu kama picha za zamani, umewasha kichujio cha rangi, na njia yake ya mkato ni Windows, Ctrl na C. Ni rahisi kuipata bahati mbaya, kwa sababu wanaonakili maandishi kwa Ctrl na C mara nyingi hugusa kitufe cha jirani. Katika Windows za karibuni njia hiyo ya mkato haifanyi kazi mpaka mtumiaji mwenyewe airuhusu, kwa hiyo isipojibu, nenda kwenye sehemu ya ufikivu na utafute vichujio vya rangi.

Kila kitu kimekuwa kikubwa mno na skrini inanikimbia ninaposogeza kipanya.

Ikiwa skrini inafuata kishale na unaona sehemu yake tu kwa wakati mmoja, hicho ni kikuza skrini, yaani Magnifier. Bonyeza Windows na Esc. Ikiwa ni ukurasa wa kivinjari tu uliokuzwa, huo si ufikivu. Bonyeza Ctrl na sifuri. Skrini iliyopinduka miguu juu nayo haihusiani na mada yetu: hiyo ni kazi ya programu ya kadi ya michoro au mipangilio ya mwonekano, ingawa wengi huja hapa wakiitafuta.

Kipanya kinashika vitu na kukataa kuviachia.

Huenda umewasha kufuli ya kubofya, ambayo kwa jina lake huitwa ClickLock na imo katika mipangilio ya kipanya. Ukishikilia kitufe cha kipanya kwa muda mfupi, kompyuta hukihesabu kuwa kimeshikiliwa hata baada ya kukiachia, na chochote kilicho chini ya kishale kinaburutwa mpaka ubofye tena. Ndugu yake ni mpangilio unaofanya dirisha lije mbele kishale kinapopita juu yake bila kubofya. Aliye nao huandika sentensi, anasogeza kipanya pembeni ili kisimzuie, na nusu ya sentensi inaishia katika dirisha jingine. Na yale mawimbi ya duara yanayozunguka kishale kila ukigusa Ctrl si hitilafu, ni msaada wa kukionyesha kilipo.

Natumia Mac. Je, nami ninahusika?

Unahusika, ila kwa majina na vitufe tofauti kidogo. Kisoma skrini cha Mac ni VoiceOver, na huwashwa au kuzimwa kwa Command na F5. Sticky Keys ipo pia, na hujitambulisha vizuri zaidi kuliko ya Windows, kwa sababu alama za vitufe vilivyoshikiliwa huonekana kwenye kona ya skrini. Inaweza kuruhusiwa iwashwe kwa Shift mara tano, kama vile Mouse Keys inavyoweza kuruhusiwa iwashwe kwa kubonyeza Option mara tano. Kipengele cha kuchelewesha vitufe huitwa Slow Keys. Skrini ikikua unaposogeza gurudumu huku umeshika Control, ni kikuza chake.

Kinachofaa kukumbukwa zaidi ni Option, Command na F5 kwa pamoja, kwa kuwa hufungua kidirisha kimoja chenye swichi hizi. Unaona kilichowaka, unakizima, na kazi imeisha.

Simu yangu inanitaka niguse mara mbili ili kufungua chochote, na haisogei ninapopitisha kidole.

Kwenye Android hiyo ni TalkBack. Shikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde chache, na mara nyingi itazimika. Isipozimika, ingia katika mipangilio kwa kanuni zake: gusa kitu mara moja ili kichaguliwe, kisha gusa mara mbili kwa haraka ili kifunguke, na tumia vidole viwili kusogeza orodha. Kwenye iPhone ni VoiceOver, na kubonyeza kitufe cha pembeni mara tatu huizima, ikiwa njia hiyo ya mkato imewekwa. Kwa simu zenye kitufe cha Home, ni hicho kinachobonyezwa.

Nimezima na kuwasha kompyuta mara tatu na tatizo limebaki. Kwa nini?

Kwa sababu kompyuta inatii. Mipangilio hii imeandikwa katika akaunti yako ili anayeihitaji asilazimike kuiwasha kila asubuhi, na kuzima mashine hakuifuti. Baadhi yake, kama Narrator, inaweza kuwekwa ianze hata kabla ya kuingia. Fundi anayefuta kila kitu na kuweka Windows upya ataondoa tatizo, ni kweli, lakini ataondoa pia mafaili ambayo hayakuwa na nakala, kisha atakuambia yalikuwa virusi. Mwombe kwanza afungue sehemu ya ufikivu mbele yako na apitie swichi moja moja. Haichukui dakika 5.

Nizuieje lisitokee tena?

Zima njia ya mkato, si kipengele chenyewe. Katika Windows 11, fungua mipangilio, ingia kwenye ufikivu, kisha kibodi. Ukibofya mstari wa Sticky Keys utaona swichi ya pili inayohusu njia ya mkato ya kubonyeza Shift mara tano. Izime hiyo, kisha fanya vivyo hivyo kwa Filter Keys na Toggle Keys. Kwa wanaocheza michezo ya kompyuta, ambayo mingi hutumia Shift kukimbia, hatua hii ni ya kufanywa siku ya kwanza.

Kompyuta yetu inatumiwa na watu kadhaa, na mmoja wao anaihitaji mipangilio hii. Tufanyeje?

Mfungulieni kila mmoja akaunti yake. Kwa kuwa mipangilio hufuata akaunti, anayehitaji Filter Keys ataikuta imewaka akiingia, na mwingine hataiona kabisa. Ikiwa hilo haliwezekani na mnalazimika kutumia akaunti moja, acheni njia za mkato zikiwa zimeruhusiwa, kwani ndizo zinazomwezesha mwenzenu kujiwashia msaada bila kumwita mtu, na anayefuata ajifunze kuizima kwa zile sekunde 8 za Shift ya kulia. Na ukikuta kishale kimekuwa kikubwa na cha rangi ya manjano, usikirudishe kabla hujamuuliza aliyeketi hapo kabla yako.